Ule upanga wenu wa Jumapili, mpini wake mmeukata

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, sio mtu wa kuandikaandika barua, lakini toleo la Jumapili iliyopita limenikalisha chini nishike kalamu, maana kwenye ile makala ya Indonesia mliweka picha ya upanga mmoja mzuri sana alafu chini yake mkaandika "upanga wa jadi wa Wamalay na Wabatak wa Sumatra", bas, mkamaliza. Sa mimi nikajiuliza, ni wa Wamalay au ni wa Wabatak? Hao ni watu wawili mbalimbali, na hao Wabatak wenyewe si kabila moja, na kwa jinsi nilivouona mpini pale kwenye picha (ule upande mliouacha, maana nusu mmeukata!) mimi nasema upanga huo si wa hawa wala si wa wale, ni wa Aceh, kule ncha ya kaskazini ya Sumatra, na kama si Aceh yenyewe bas ni wa jirani zao wa milimani, Wagayo.

Naomba nieleze nimejuaje, msinichoke.

Nimefanya kazi melini miaka mingi, kule chini injini rumu, na miaka ya 1990 meli yetu ilikuwa inaenda sana Belawan, ndo bandari ya Medan, kaskazini mwa Sumatra, kupakia mafuta ya mawese. Pale mnaweza kukaa nangani siku 5 au 6 mnangoja zamu, so ukipata ruhusa unapanda gari unaenda mjini kuzurura. Siku moja nikaingia duka la vitu vya kale, mwenye duka kuniona tu mlangoni akaanza "Horas! Horas, Pak!", akanikalisha, chai ikaja, na baada ya chai kikaja kisu kirefu kama mkono, kimeviringishwa kwenye gazeti kuukuu. "Batak asli, Pak, asli!" Hilo neno asli halikuhitaji mkalimani, ni asili yetu hii hii, na mimi kusikia asili nikatoa hela. Bei siitaji hapa, mke wangu naye ni msomaji wenu.

Karani aliyekuwa anashughulikia makaratasi ya meli yetu alikuwa Mkaro, yaani wa kabila la Karo, mojawapo ya hao Wabatak, kijana mpole, wenzake wote wanamwita Bang, yaani kaka, na mimi nikawa namwita hivo hivo japo nilimzidi umri, yeye ananiita Pak, yaani mzee. Nikamwonyesha kisu changu kwa majivuno. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kwanza alicheka ile Horas, akanambia Pak, hiyo ni salamu ya Watoba, Wabatak wengine, na ndugu zao, sisi Wakaro tunasema Mejuah-juah, huyo muuzaji kila mgeni anampa Horas kwa sababu ndo neno wageni wanalolijua. Alafu akakichukua kisu, na kitu kilichonishangaza ni kwamba chuma hakukitazama kabisa, alitazama mpini, akatazama mdomo wa ala, akatazama pale chuma kinapoingilia kwenye mpini, akakinusa hata (sijui alikuwa ananusa nini, gundi labda), ndo mwisho kabisa akakichomoa. Hukumu yake ilikuwa fupi: chuma kimeshuka kutoka milimani kwa Wagayo au Waalas, mpini wa pembe ya nyati ni wa huko huko au unaweza kuwa wa kwetu Karo, na ala ni ya seremala wa juzi. Yaani niliuziwa watu watatu wasiojuana wamevalishwa kanzu moja.

Siku ile ndo nikajifunza kwamba chuma kinasafiri lakini mpini haupendi safari. Ule mlango wa bahari wa Melaka, kati ya Sumatra na rasi ya Malay, ni njia kuu ya meli tangu zamani sana, Wahindi na Waarabu walipita, Wareno wakauteka mji wa Melaka mwaka 1511, Waholanzi wakaja na kampuni yao ya VOC, na chuma kilikuwa mzigo kama mizigo mingine. Bapa zuri la upanga halitupwi, linanunuliwa, linarithiwa, linanyang'anywa vitani. Hata ukikuta herufi za VOC zimegongwa kwenye bapa usikimbilie kusema umepata upanga wa Mholanzi, huenda mtu wa mwisho kuufunga kiunoni ni mkuu wa kijiji cha milimani ambaye bahari hajawahi kuiona. Ila mbao na pembe zinapasuka, zinaliwa na wadudu, kwa lile joto na unyevu wa kule hazidumu, inabidi zibadilishwe, na anayezibadilisha ni fundi wa pale pale kijijini kwa mkono aliorithi kwa baba yake na kwa macho ya watu watakaouona. Kwa hiyo chuma kinaweza kukwambia upanga ulizaliwa wapi, lakini mpini na ala ndo vinakwambia uliishi wapi, na mtu akiuliza "huu ni wa wapi" mara nyingi anauliza hilo la pili bila kujua.

Chukueni ule upanga unaoitwa piso podang. Mpini wake ni wa shaba, una kinga ya mkono na kichwa chake kimekaa kama kikombe, sura ya Kihindi ukitazama hivi na ya Kireno ukitazama vile, na chuma chake mara nyingi kimetoka Ulaya. Watoba wanao, Wakaro wanao, Waminangkabau wa kule kusini nao wana podang zao zinazofanana na hizo. Sa mtu akishika podang akasoma chuma peke yake atakwambia ni ya Mzungu, akisoma umbo la mpini peke yake atakwambia ni ya India, na kumbe imekaa vizazi vinne kwenye nyumba ya mbao kando ya Ziwa Toba.

Tuje kwa hao Wabatak wenyewe. Ukisema Batak umesema watu sita: Toba, Karo, Simalungun, Pakpak, Angkola na Mandailing. Wamelizunguka lile ziwa, ambalo lina urefu wa kama kilomita 100 na limekaa ndani ya shimo la volkeno, wengine wako kusini yake, na wapo Wakaro na Wamandailing ambao ukiwaita Batak wanakukatiza hapo hapo. Piso ni kisu tu kwa lugha zao lakini neno hilo linabeba kila kitu kuanzia kisu cha kazi mpaka upanga wa mfalme, so ukiona mahali pameandikwa piso peke yake ujue bado hujaambiwa kitu.

Wenye kutambulika haraka ni wa Watoba. Piso halasan mpini wake ni pembe ya kulungu, ile ya asili kabisa na tawi lake limeachwa linachomoza, na kuna pete za shaba, ukishauona mmoja hutausahau. Piso sanalenggam mpini ni mtu amechuchumaa, amechongwa kwenye mbao. Alafu kuna piso gaja dompak, gaja ni tembo, na huo haukuwa wa kila mtu, ulikuwa wa ukoo wa Sisingamangaraja, wale wafalme wa Bakkara waliokuwa pia makuhani. Huyu wa 12 alipigana na Waholanzi karibu miaka 30 mpaka walipomuua Juni 1907, na piso zilichorwa hata kwenye bendera yake ya vita. Ndo maana mtu wa Toba ukimwambia gaja dompak ni "kisu cha Kimalay" utakuwa umemtukana babu yake, na nyie kwenye maneno yenu ya chini ya picha mlikuwa hatua moja tu kufika huko.

Hapo kwenye mtu aliyechuchumaa ndo wengi wanaanguka, maana Wamalay nao wana mpini wa mtu aliyejikunyata. Ni wa keris, lile jambia lao la makali pande mbili ambalo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa watu wote. Mpini huo wanauita jawa demam, maana yake Mjava mwenye homa! Na kweli ukiutazama ni mtu ameinama, mikono ameikumbatia tumboni, kama yuko kitandani anatetemeka na malaria. Ila huyo mwenye homa hana sura, pua na macho vimeyeyuka vikawa majani na mistari, wengi wanasema ni kwa sababu ya Uislamu, wakati yule wa Toba uso anao na anakutazama. Ukishajua hilo hutowachanganya tena.

Ukienda kaskazini zaidi kwenye rasi ya Malay, kule Kelantan na Patani, mpini wa keris unabadilika tena unaota pua ndefu kweli kweli, wanauita pekaka, yaani mdiria, kwa sababu ya mdomo wa yule ndege. Huo hata mtoto anaweza kuutambua. Na Waminangkabau na watu wa Palembang wana keris ndefu nyembamba iliyonyooka, karibu ni upanga, keris za namna hiyo zilitumika hata kutekelezea hukumu ya kifo, habari yake haifai kusomwa na watu wakiwa mezani kwa hiyo naipita.

Kinachosumbua kweli ni vitu ambavyo watu wawili wanavyo kwa jina moja. Tumbuk lada, maana yake twanga pilipili, ni jambia fupi, Wamalay wanalo na Wakaro wanalo na jina ni hilo hilo, na hao Wakaro waliishi wakipanda na kushuka kati ya milima yao na pwani ya Deli, upande wa Medan, kwa Wamalay, wanauziana, wanaoana, sasa umtenganisheje hapo? La Wamalay wa rasi mdomo wa ala yake umevimba kama tonge na hapo kwenye tonge kuna bati la fedha limefinyangwa maua, la Wakaro utakuta fedha na suasa, hiyo suasa ni dhahabu iliyochanganywa na shaba mpaka ikawa nyekundunyekundu. Lakini sitawadanganya, yapo ambayo hata yule karani wangu aliyashika akayarudisha kimya.

Sasa picha yenu. Mpini ule una panda, umeachama kama mnyama anapiga miayo. Chuma kimenyooka, chembamba, makali upande mmoja tu, na upana wake karibu haubadiliki kutoka shingoni mpaka ncha. Huo Ndugu Mhariri unaitwa sikin panjang, panjang ni refu, na ni silaha ya Aceh na Wagayo. Najua mtakaponijibu mtasema mbona Wakaro nao wana mpini ulioachama, na ni kweli, wao wanauita sukul nganga, sukul ni mpini na nganga ni kuachama. Ukitoka pwani ya Aceh unapanda kwa Wagayo, unateremkia bonde la Alas, unavuka unajikuta kwa Wakaro, na ule mdomo unaachama njia nzima! Ndo maana mdomo peke yake hautoshi, na ndo maana kisu changu kilimshinda karani kwa upande wa mpini. Lakini wenu una kitu ambacho changu hakina, pale shingoni mwa mpini, pembeni kabisa kabla hamjakata picha, kuna kama taji dogo la manjano lenye vidoa vya kijani, na ile ni kazi ya masonara wa Aceh, dhahabu au suasa inapakwa enameli, ile rangi ngumu inayong'aa kama kioo, kazi waliyosifika nayo, na mtu wa kawaida hakuwa nalo. Chuma kilichonyooka, mdomo ulioachama, taji la enameli. Vitu vitatu vinasema neno moja, mimi hapo naridhika. Kingekuwa kimoja tu ningenyamaza.

Kuna msomaji mwingine nimeona ameshawaandikia akisema ule ni klewang. Hapana kaka, klewang inapanuka kuelekea ncha, uzito uko mbele kama panga la kukatia miti, hiyo inafyeka, sikin inakata. Ila klewang ina stori tamu, hebu niruhusuni kidogo. Waholanzi walianza vita Aceh mwaka 1873 wakidhani ni mchezo, mabunduki yao marefu yakawashinda porini, mwaka 1890 wakaunda kikosi cha Marechaussee, askari wengi wakiwa wenyeji wa visiwa, wakawapa bunduki fupi na klewang, yaani silaha ya adui. Baadae wakaanza kuzitengeneza wenyewe kiwandani, za mwaka 1898 ndo maarufu, na Wamarekani nao wakaipenda wakainakili wakaifanya kisu cha wanamaji wao cha mwaka 1917. Sa mtu akiokota kile kisu cha Kimarekani leo akiuliza asili yake utamjibu nini? Washington au Banda Aceh?

Kosa lenu lakini si lenu peke yenu, na hapo niwatetee kidogo. Vitu hivi vingi vilitoka Sumatra mikononi mwa wanajeshi, na mwanajeshi anaandika alipokiokota, haandiki kilipotengenezwa. Kapteni aliyeongoza kikosi kilichomuua Sisingamangaraja, Hans Christoffel, Mswisi, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa silaha na mkusanyiko wake uko Antwerp kwenye makumbusho ya MAS, na huyo mtu amepigana Aceh, kwa Wabatak, Borneo, Flores, kote huko. Alafu tangu 1863 mashamba ya tumbaku yalipoanza Deli wakaja wenye mashamba na wafanyakazi wao wa Kizungu, kila mmoja anataka kisu cha kupeleka kwao, na Ulaya walishasikia hadithi za Wabatak kula watu, kwa hiyo nahisi neno Batak liliuza kuliko neno Gayo ambalo hakuna aliyelijua. Muuzaji wangu wa Medan alikuwa anaendeleza biashara ya miaka 100 na ushee, Mungu amsamehe.

Na msidhani haya ni mambo ya wazee kubishania vyuma. Mtukufu Diponegoro, mwanamfalme wa Java, alikamatwa na Waholanzi mwaka 1830, keris yake moja ikapelekwa kwa mfalme wao Uholanzi, ikaishia Leiden kwenye makumbusho, na kule ikapotelea katikati ya keris nyingine, ipo lakini hakuna anayejua ni ipi. Watu wamekaa miaka wakilinganisha barua za zamani, na maandishi ya mchoraji Raden Saleh ambaye aliwahi kuiona, na keris zenyewe moja moja, mpaka wakaamua ni ile pale, ikarudishwa Indonesia Machi 2020. Na hata baada ya hapo wapo waliouliza, mna uhakika? Sa fikirieni, hiyo ni ya mtu maarufu vile yenye barua na mashahidi. Upanga wa mkulima wa Alas ambao hauna barua hata moja utarudi kwao vipi kama bango lake limeandikwa "Malay na Batak, Sumatra"? Utarudishwa kwa nani, Kuala Lumpur kwa Wamalay au Samosir, kile kisiwa cha Ziwa Toba, kwa Wabatak?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwanza rekebisheni yale maneno, andikeni sikin panjang, Aceh au Gayo, na mkiogopa andikeni "kaskazini mwa Sumatra" tu, hilo si aibu, ni bora kuliko kuutaja umma mzima usiohusika. Pili, huyo mpiga picha wenu mwambieni akipiga upanga asipige makali tu kama tangazo la filamu, makali yanafanana dunia nzima, apige mpini pande zote mbili, apige shingo, apige mdomo wa ala na mkia wa ala, na aulize aliyenao aliupata wapi na aliyempa aliupata wapi, aandike hivyo hivyo hata kama jibu ni la kijinga.

Kile kisu changu bado ninacho, kiko ukutani sebuleni. Kwanza nilibandika karatasi nimeandika Batak. Nikaichana nikaandika Gayo. Sasa hivi pameandikwa: chuma Gayo au Alas, mpini sijui, ala Medan, kimenunuliwa na mjinga. Wageni wakija hiyo ya mwisho ndo wanaisoma kwa sauti.

Ni mimi msomaji wenu,
Baharia mstaafu